Kutoka Kacyiru Hadi Karisimbi: Mfuko Gani wa Kulalia?

Kacyiru ni mtaa wa ofisi. Juu ya mgongo wa kilima hiki cha Kigali ziko wizara, iko ofisi ya Rais iitwayo Urugwiro, yako Makao Makuu ya Polisi ya Taifa, na iko Maktaba ya Umma iliyofunguliwa mwaka 2012. Asubuhi barabara zake hujaa watu wenye sare na watu wenye tai, na jioni watu hao hao huteremka Kinamba kuelekea Nyabugogo kwenye mabasi. Mgeni hangetazamia kusikia habari za mahema mahali kama hapa. Lakini ufikapo mwezi wa Juni, mvua kubwa zikiisha na shule zikielekea kufungwa, watumishi na askari wengi huanza kuulizana likizo wataipeleka wapi, na vijana wao huanza kuwasumbua wapelekwe kulala porini.

Majira hayo Wanyarwanda huyaita impeshyi. Vitabu vya Kizungu huyaita kiangazi, na jina hilo huwapoteza wengi, kwa maana hudhani kuwa kiangazi ni joto mchana na usiku. Mtu wa pwani angeyaita kipupwe, naye angekuwa karibu zaidi na ukweli. Anga huwa haina mawingu, na usiku usio na mawingu ni kama nyumba isiyo na dari: joto la ardhi hupanda juu likapotea. Hapo ndipo swali la mfuko wa kulalia linapokuwa swali la fedha na la afya pia, maana mfuko mzuri wa manyoya waweza kula sehemu kubwa ya mshahara wa mwezi, na mfuko mbaya waweza kumrudisha mtu nyumbani akiwa mgonjwa.

Ndugu msomaji, kabla ya kuulizia bei, uliza urefu wa mahali utakapolala. Kigali iko kiasi cha mita 1,500 na ushei juu ya usawa wa bahari, na usiku wa kawaida hapo hufika nyuzi 15 au 16 za Sentigredi. Kila upandapo mita 1,000, ondoa nyuzi sita hivi. Hesabu hii yaweza kufanywa na mtoto wa shule, nayo yafaa kuliko maneno ya muuzaji yeyote.

Tuitumie. Hifadhi ya Akagera, mashariki mwa nchi, haiko juu sana kuliko Kigali, na sehemu zake za ziwani ziko chini zaidi. Familia itakayopiga hema kando ya Ziwa Shakani haihitaji manyoya ya bata hata kidogo. Blanketi moja jepesi latosha, na fedha iliyobaki inunue chandarua, kwani adui wa huko ni mbu wala si baridi. Uwinka, katika msitu wa Nyungwe, ni karibu mita 2,450. Hapo tazamia nyuzi 10 au chini yake, pamoja na unyevu unaoingia kila mahali. Karisimbi, mlima mrefu kuliko yote ya Rwanda, una mita 4,507. Safari yake ni ya siku mbili, na wapandaji hulala kambini kwenye mita 3,700 hivi. Toa nyuzi 13 katika zile 15 za Kigali, na kinachobaki ni nyuzi mbili tu, kabla hujahesabu upepo. Jina lenyewe la mlima latokana na isimbi, yaani kauri nyeupe, kwa ajili ya weupe uonekanao kileleni barafu au theluji inapokuwapo.

Si mlima wa kufanyiwa mzaha. Mwezi wa Februari 1908 msafara wa mwanajiolojia Mjerumani, Egon Kirschstein, ulinaswa na dhoruba juu ya Karisimbi, na wapagazi wapatao 20 wakafa kwa baridi. Hao walikuwa watu wenye nguvu, wazoefu wa mizigo, walikufa karibu kabisa na mstari wa Ikweta. Walichokosa ni kitu kikavu cha kujifunika.

Sasa tuje kwenye mfuko wenyewe. Jambo la kuutia mtu ndani ya blanketi lililoshonwa ni la zamani, na wanajeshi walikuwa miongoni mwa wateja wa kwanza: mwaka 1876 Pryce Jones, mfanyabiashara wa Newtown huko Wales, alisajili blanketi lake la sufu la namna hiyo, akaliuzia jeshi la Urusi. Siku hizi mifuko ni ya namna mbili. Mmoja hujazwa nyuzi laini za kiwandani, na mwingine hujazwa vinyoya vya bata au bata bukini, si yale manyoya ya bawa yenye mti katikati, bali yale ya chini kabisa kifuani, laini kama malaika ya mtoto mchanga. Vinyoya hivyo havina joto lao wenyewe. Kazi yao ni kushika hewa isitembee, na hewa iliyotulia ndiyo inayohifadhi joto la mwili wako.

Uzuri wa vinyoya hupimwa kwa nafasi vinayojaza. Gramu 28 za vinyoya vya daraja la 600 hujaza kiasi cha lita 10, yaani nusu ya dumu la maji tunalolijua sote. Za daraja la 800 hujaza lita 13. Bila shaka daraja la juu ni bora, lakini bei yake hupanda haraka kuliko faida yake. Joto utakalolipata kwa gramu 400 za daraja la 800 utalipata kwa gramu 530 hivi za daraja la 600. Tofauti ni gramu 130, nusu ya kikombe cha chai! Mtu aliyezoea kubeba shanta yenye kilo 20 hawezi kuitambua. Kwa hiyo mwenye mshahara wa kawaida asione haya kununua daraja la 600 au 650.

Kwenye lebo ya mfuko uliopimwa kwa kanuni za kimataifa utakuta namba tatu za baridi. Ya kwanza ni ya starehe, iliyowekwa kwa kumfikiria mwanamke wa kawaida aliyelala kwa raha. Ya pili ni ya mpaka, kwa mwanamume aliyejikunyata. Ya tatu ni ya hatari, ambayo maana yake ni kwamba hutakufa upesi, lakini usingizi usahau. Wauzaji wengi huandika kwa herufi kubwa ile ya pili, na wasio na haya huandika ya tatu. Wewe soma ya kwanza. Kwa Karisimbi itafute iwe sifuri au chini yake. Kwa Nyungwe, nyuzi tano zatosha.

Je, manyoya au nyuzi? Mfuko wa manyoya wa starehe ya sifuri una uzito wa kilo moja hivi, na ule wa nyuzi hukaribia kilo mbili. Katika masoko ya Ulaya na Marekani ule wa manyoya wa bei ya chini huanzia kati ya dola 100 na 200, na wa nyuzi hupatikana kwa nusu ya fedha hiyo au pungufu. Manyoya yakilowa hujikusanya kama uji ulioganda na joto lote huondoka, lakini nyuzi zikilowa bado husaidia kidogo. Kwa Nyungwe, basi, mimi ningechukua nyuzi na kuuvumilia uzito. Kwa Karisimbi mwezi wa Julai, ningechukua manyoya na kuyalinda.

Kuyalinda kuna shida yake katika nchi hii. Wapandaji wa nchi nyingine hutia mfuko wao ndani ya mfuko wa plastiki wa takataka. Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, na msafiri hunyang'anywa mpakani. Nunua mfuko wa kitambaa kisichopitisha maji, wenye mdomo wa kukunjwa mara tatu na kufungwa. Na chini ya mwili weka mkeka wa sponji, kwa kuwa uzito wako huyaponda manyoya ya upande wa chini, na ardhi hunyonya joto bila huruma. Askari aliyepata kulala lindoni analijua hilo bila kufundishwa.

Wenzetu wa Nairobi huipata mifuko hii kwa bei ya chini katika mitumba ya Gikomba na Toi. Kigali mambo ni tofauti. Mitumba hapa huitwa caguwa, na neno hilo ni Kiswahili chetu kitupu, ile "chagua" ya wauzaji. Mwaka 2016 serikali ilipandisha ushuru wa nguo zilizotumika kutoka senti 20 hadi dola mbili na nusu za Marekani kwa kilo, ili kulea viwanda vya ndani, na mwaka 2018 Marekani ikajibu kwa kusimamisha msamaha wa ushuru wa mavazi kutoka Rwanda. Ukikuta mfuko uliotumika, ubonye kwa mkono kisha uuachie: ukivimba tena haraka, ni mzima. Upapase kutafuta miti ya manyoya inayochoma, uinue kwenye mwanga uone palipo pembamba, ufungue na kufunga zipu mara tano, na uunuse. Mwenye safari moja tu maishani afadhali akodi kwa waongoza watalii wa Musanze, baada ya kuukagua vivyo hivyo.

Jambo moja ni la mama au baba mwenye cherehani nyumbani. Kunja shuka kuukuu katikati, ushone chini na ubavuni, ukiacha mdomo juu. Mlalaji aingie humo kwanza, kisha ndani ya mfuko. Jasho litabaki kwenye shuka, ambayo hufuliwa kwa urahisi, na mfuko wa manyoya utahitaji maji mara chache sana. Ukibidi kufuliwa, tumia sabuni laini na maji ya vuguvugu, usiukamue kwa kuusokota, uubebe kwa mikono miwili kama mtoto, uuanike juu ya meza kivulini, na kila baada ya saa moja uvunje madonge kwa vidole. Huchukua siku mbili au tatu za kiangazi. Ukishakauka usiusokomeze tena katika kifuko chake kidogo hadi mwakani. Utie ndani ya foronya kubwa, uutundike kabatini.