Pawa saplai ya wati 550 haili wati 550

Wadau, leo niko na neno kuhusu ule ushauri anaopewa kila mtu hapa Ukunda akisema UPS yake inalia: "Nunua kubwa." Hakuna anayeuliza inalia wakati gani. Hakuna anayepima. Ni nunua kubwa tu, na mwenye duka anatabasamu.

Mimi naediti video za harusi kwa kompyuta ya mezani, na wateja wangu wengi wako Diani mpaka Msambweni. Stima zetu mwazijua: zapotea dakika mbili, zarudi. Sisemi siku kama ile ya 25 Agosti 2023, karibu nchi nzima giza mpaka uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta. UPS si jenereta. Kazi yake ni zile dakika mbili, manake kompyuta ikizima video ikiwa imefika asilimia 90 kutoka, waanza upya.

Sasa, nikaongeza kadi ya grafiki, nayo ikataka pawa saplai ya maana. Nikatoa ile ya zamani isiyo na jina, nikaweka ya wati 550 yenye nembo ya 80 Plus. Stima zikiwepo, kila kitu poa. Zikipotea tu, UPS yapiga mlio mmoja mrefu, taa ya kuzidiwa yawaka, kompyuta chali. Mara mbili, katikati ya harusi ya watu ambao washalipa nusu. Mamake bi harusi akanipigia: "Mwanangu, shangazi zake wa Oman wangoja hiyo video, iko wapi?" Yaja, mama. Ningemwambia nini kingine?

Fundi alinipa hesabu yake. "Dadangu, UPS yako ni ya wati 360. 550 itaingiaje hapo? Chukua ya 1500VA." Sh16,000, bila aibu.

Lakini 550 ni uwezo wa ile pawa saplai, si kile inachokula. Lori la tani kumi likibeba magunia mawili ya nazi, limebeba magunia mawili. Nikaazima kile kipima wati cha kuchomeka ukutani: kompyuta ikikaa tu, wati 95. Ikitoa video, 210 hivi. Na kumbuka, ilikuwa inazima hata ikikaa tu! Kwa hivyo si uzito.

Basi ni betri imekufa? Ingewezekana, manake joto la huku pwani huua betri za risasi mapema. Nikachomeka balbu mbili za zamani, zile za waya ndani, za wati 100 kila moja, nikachomoa UPS ukutani. Zikawaka dakika kadhaa bila mlio wowote. Yaani UPS yabeba wati 200 za balbu lakini yakataa wati 95 za kompyuta. Hapo ndipo raha ilianza, wallahi. Niliacha chuo mwaka wa pili, fizikia yangu ni ya kidato cha nne, lakini hilo hata mtoto aona haliendi.

Siri ni umbo la stima yenyewe. Ya ukutani hupanda na kushuka mara 50 kwa sekunde, laini kama maji. UPS za bei nafuu zikitumia betri hutoa stima ya ngazi-ngazi: yapanda ghafla, yakatika, yashuka ghafla. Balbu haijali. Pawa saplai za kisasa zenye 80 Plus zina saketi inayojaribu kuvuta stima kwa kufuata lile wimbi, na ikikutana na ngazi huvuta kwa mishtuko. UPS yaona ule mshtuko, yadhani imezidiwa, yakata. Ile pawa saplai yangu ya zamani haikuwa na saketi hiyo, ndio maana walikuwa wakielewana.

Ile ya 1500VA huenda ingevumilia mishtuko, kwa kuwa ina nafasi zaidi. Huenda. Sh16,000 kwa huenda mimi sina.

Jamaa mmoja wa sola Msambweni akaniazima inverta ndogo iliyoandikwa kwa lebo kwamba wimbi lake ni laini kamili. Nikazima swichi ya ukutani kusudi, video ikitoka. Kompyuta haikupepesa hata. Nikarudia mara tano.

Kwa hivyo ukienda dukani, mwambie akuonyeshe lebo: wati ngapi, sio VA peke yake, na wimbi la aina gani ikiwa kwa betri. Akisema "zote ni sawa", toka.

Inverta yangu nimeshaiwekea amana. Ile UPS sijaitupa. Sasa yabeba rauta na taa ya meza, na haijalia tena.