Herufi Mbili, Sauti Mbili

Asubuhi tunasoma shule, jioni tunakuja madrasa. Wapo wanaosema madrasa inatupunguzia muda wa kujifunza Kiingereza. Sisi tunaona inatusaidia, na ushahidi wetu ni herufi mbili tu: T na H.

Katika Kiingereza herufi hizi zikikaa pamoja hubeba sauti mbili. Katika "thin", nyembamba, "think", fikiri, na "thumb", kidole gumba, ni ile th ya thamani, yaani thaa. Katika "this", hii, "then", kisha, na "they", wao, ni dh ya dhahabu, yaani dhaal. Maandishi hayaonyeshi tofauti. Lazima ujue neno kwa neno.

Asiyetoa ncha ya ulimi, "thin" yake huwa "sin", yaani dhambi, na "think" huwa "sink", yaani kuzama. Alitaka kufikiri, amezama!

Katika Kiarabu jambo ni zito zaidi. "Ism" kwa siin ni jina. "Ithm" kwa thaa ni dhambi. Ndiyo maana ustadhi haturuhusu kuendelea mpaka ncha ya ulimi iguse ncha za meno ya juu ya mbele. Mazoezi hayo hayo tunakwenda nayo shuleni.

Wazazi wetu, tunawaomba msituachishe madrasa kwa ajili ya tuisheni. Ulimi tunaounyoosha kwa Qur'ani ndio huo huo tunaousomea Kiingereza.

Wabillahi tawfiq.