Hadithi na Mpokezi Wake



Wasomaji wetu watuwie radhi kwa kukosa makala ya juma lililopita. Tulikuwa safarini Kibabii, kwa binti yetu aliyeolewa Bungoma. Tulikwenda kumwona mjukuu, tukakuta sebule imegeuzwa darasa la likizo: watoto kumi na mmoja wa majirani, Waislamu na wasio Waislamu, na kompyuta mbili. Mwalimu ni binti yetu mwenyewe, na somo ni kutunga michezo ya kompyuta.

Hatukufurahi, na tulimwambia. Sisi tulisomeshwa kwa ubao na wino, na mchezo kwetu ni jambo la baada ya alasiri. Hakubishana nasi. Alisema tu, "Baba, keti nao siku moja, kisha unihukumu."

Tukaketi. Kompyuta zilikuwa zimefungwa. Kila mtoto alitakiwa kwanza asimulie hadithi aliyoisikia nyumbani, kwa mdomo wake, mbele ya wenzake. Mvulana mmoja wa Kibukusu alisimulia habari za Mango, shujaa aliyemvizia joka pangoni akamuua. Alihadithiwa na nyanya yake, ambaye huku humwita kukhu. Baada ya hapo ndipo walipofungua programu iitwayo Scratch, iliyotolewa mwaka 2007 na chuo cha MIT cha Marekani. Haina malipo, na lugha yetu ya Kiswahili imo. Mtoto haandiki maneno magumu. Hupachika vipande vya rangi, kila kipande kikiwa amri: nenda hatua kumi, ukiguswa na joka anguka, rudia. Akikosea mpango, joka hupita ukutani, naye hana budi kurudi nyuma amri moja moja mpaka aione kasoro. Hapo tulikumbuka mwalimu wetu wa sarufi ya Kiarabu alivyoturudisha katika irabu moja hadi machozi yatutoke. Wala elimu hii si ngeni kwetu Waislamu: neno algoriti, yaani mpango wa hatua kwa hatua, limetokana na jina la Al-Khwarizmi, mwanachuoni wa Baghdad wa karne ya 9.

Mvulana alitaka kumpa Mango uhai wa mara tatu, kama ilivyo katika michezo ya simu. Wenzake walikataa. Walisema Mango wa kukhu alikuwa na uhai mmoja, ndiyo maana watu walimwogopea.

Siku ya tatu ikaja ile inayoitwa akili unde, na wengine huiita akili mnemba. Msichana mmoja wa madrasa, wa miaka kumi na miwili, alikuwa akitunga mchezo wa kumhurumia paka. Aliiomba mashine imletee Hadithi ya Mtume (S.A.W.) ya kuandika mwanzoni. Ikamletea mara moja, kwa Kiswahili kitamu, na chini yake: imepokewa na Bukhari. Akatuletea tuisome, uso umemng'aa.

Hatukuitambua. Usiku ule tulitafuta katika vitabu vya mkwe wetu, tukawapigia simu masheikh wenzetu wawili Mombasa. Haikuonekana popote. Mashine hiyo imelishwa maandishi mengi mno, na kazi yake ni kukisia neno linalofaa kufuata neno. Maneno yakifuatana vizuri, kwayo imetosha. Hadithi ya Mtume haitoshi kwa uzuri wa maneno. Ina isnadi, fulani kutoka kwa fulani, na kila mmoja wao kachunguzwa ukweli na hifadhi yake. Na onyo la kumzulia Mtume tunalijua sote.

Asubuhi tulipotaka kumweleza msichana yule, ulimi ulikuwa mzito, kwa sababu tuliyoificha kwa muda. Mwaka jana sisi wenyewe tulisoma katika hutuba ya Ijumaa maneno tuliyotumiwa kwa simu, bila kuyachunguza. Baada ya swala, mama mmoja mtu mzima alituma mwanawe kutuuliza: yamo katika kitabu gani? Tulimjibu kwa mkato. Jibu la kweli hatukuwa nalo. Basi tuliwaambia watoto habari hiyo kwanza. Walicheka, kisha wakanyamaza.

Msichana akauliza, "Babu, sasa mashine tuiache?" Binti yetu alitutazama, tukaona ametuachia sisi jibu. Tulimwambia aitumie kumsaidia kupanga amri zake, kwani amri mbovu huonekana palepale paka anapokwama. Lakini habari za dini, na habari za wazee, aziulize kwa mtu mwenye jina.

Aliifuta ile ya mashine. Tukamfungulia Hadithi ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka mpaka akafa, iliyomo katika Bukhari na Muslim, akainakili kwa mkono wake. Tangu siku hiyo kila mchezo wa darasa lile hufunguka kwa mstari wa mpokezi. Wa yule mvulana umeandikwa: nimehadithiwa na kukhu, naye alihadithiwa na mama yake.

Tumerudi Mombasa, na yule mama wa hutuba hatujamwendea bado. Nyumba yake tunaijua. Tutakwenda Alhamisi, inshallah.