Usiku wa Perere
Mimi ni mtoto wa Mwanza. Pimbi nimewazoea tangu utotoni, wakiota jua juu ya mawe. Ila usiku ule Amani, Usambara Mashariki, nilishtuka nikidhani mtu anachinjwa msituni.

"Ni perere huyo, mwanangu," mzee mwenyeji wangu akanituliza.

Kumbe ni ndugu wa pimbi wetu, ila yeye anaishi mitini. Kimo chake ni cha sungura, lakini ana undugu na tembo!

"Zamani walikuwa wakiitikiana hadi alfajiri," mzee akasema. Tukasikiliza. Hakuna aliyeitikia.

Nikakumbuka kilima cha kwetu. Nyumba zimepanda hadi kileleni, pimbi hawapo tena. Na mimi, mwandishi wa habari, sijui hata waliondoka lini.