Papa wa Ufukweni Dhigurah

Dhigurah ni kisiwa chembamba, urefu wake kama kilomita tatu, katika safu ya visiwa vya Ari ya Kusini huko Maldivi. Kutoka Malé boti ya kasi huchukua karibu saa mbili, na siku tuliyovuka sisi bahari ilichafuka, Mama akaishika tasbihi yake mpaka tukafunga gatini. Tulikwenda familia nzima, mume wangu, watoto na Mama, mzaliwa wa Tanga, ambaye kabla ya safari hiyo hakuwahi kupanda ndege maishani mwake.

Wageni wengi huja hapa kumtafuta papa potwe. Bahari ya upande huu imehifadhiwa tangu 2009, na potwe huonekana mwaka mzima. Tulikodi mashua, tukazunguka asubuhi nzima, hatukumwona.

Jioni, maji yakiwa yanajaa, tulitembea kuelekea fungu la mchanga lililo kwenye ncha ya kusini. Mwanangu wa kiume alitangulia. Ghafla akapaza sauti: "Bibi, njoo! Kuna samaki ana pezi jeusi!"

Mama akakunja dera lake, akasogea hadi ukingoni. "Papa huyo, mjukuu wangu. Simama hapo hapo, usimfukuze."

Hakuzidi urefu wa mkono wangu kutoka kiwiko hadi vidoleni. Mgongo ulikuwa wa kahawia iliyopauka, ubavuni ana mchirizi mweupe, na ncha ya pezi la mgongoni nyeusi ti, chini yake pamepita ukingo mweupe. Kivuli chake mchangani kilionekana wazi kuliko yeye mwenyewe. Akaja wa pili, kisha wengine, wakienda sambamba na ufukwe, wakifika mahali fulani wanageuka na kurudi njia ile ile. Maji yalikuwa haba kiasi kwamba matumbo yao yalikaribia kugusa mchanga. Mara mmoja akachomoka, nusu ya mgongo nje ya maji, na kundi la dagaa likaruka mpaka nchi kavu. Binti yangu akawa anawaokota mmoja mmoja kuwarudisha baharini. Nilipotia mguu majini nipate kuona vizuri, papa wote wakatoweka kwa mkupuo. Ni waoga mno hawa.

Papa hawa hawatagi mayai. Jike huzaa watoto wachache kwa mimba moja, mara nyingi hawazidi watano, na wachanga hukulia kwenye maji ya kifundo cha mguu kwa sababu papa wakubwa hawawezi kuwafuata humo. Aliyekomaa hufika kama mita moja na nusu, naye mmoja tulimwona siku iliyofuata, akipita polepole pale maji yanapoanza kuwa na kina.

Mwenye nyumba tuliyofikia ni mzee aliyewahi kuvua papa ujanani. Asubuhi, tukila jodari aliyechanganywa na nazi, kitunguu na pilipili, pamoja na chapati, alitueleza jinsi walivyokuwa wakichemsha maini ya papa na kupaka mafuta yake kwenye mbao za mashua. Mama akadakia, "Sifa!" Akamweleza mzee kwamba hata majahazi ya kwetu yalipakwa sifa, na kwamba harufu yake bado anaikumbuka. Wakaongea muda mrefu wale wawili, mimi nikitafsiri.

Maldivi ilipiga marufuku uvuvi wa papa wa kila aina mwaka 2010. Uamuzi huo ulikuwa na msingi wa kihesabu. Mwaka 1993 watafiti walikadiria kwamba papa mmoja wa kijivu wa miambani huingizia utalii wa nchi hiyo takriban dola 3,300 kwa mwaka, ilhali mvuvi akimuua anapata dola 32, basi. Jodari hawakuguswa na marufuku hiyo. Wanaendelea kuvuliwa kwa fimbo na ndoana, samaki mmoja mmoja, kama walivyovua mababu.

Nami nasema wazi: naumia nikiona papa wa ukubwa ule ule wa wale wa Dhigurah wamepangwa chini kwenye mnada wa samaki nyumbani. Nimekula mchuzi wa papa wa nazi tangu utotoni na simlaumu mvuvi mwenye watoto wa kulisha. Lakini samaki anayezaa kidogo namna hii hawezi kuvuliwa akiwa mchanga halafu abaki.

Usiku mwanangu alimuuliza bibi yake kama Tanga papa hawa wapo.

"Nilipokuwa msichana walikuwa wakiingia hadi kwenye mikoko," Mama akajibu. "Tulikuwa tukikamata kaa, tunawaona wanapita."

"Na sasa?"

"Sasa sijui, sijaenda kuangalia. Tukifika, tutamwomba mjomba wako atupeleke maji yakiwa yanajaa."