Kabla ya Kuongeza Malipo ya Intaneti, Chunguza Kuta

Leo tuweke kando mambo ya kuandika programu, tuzungumzie kifaa ambacho kila jamaa atakuita ukitazame akishajua unafanya kazi ya kompyuta: rauta ya nyumbani.

Mwezi uliopita shangazi yangu anayeishi Mji wa Kale, Mombasa, alinipigia simu. "Mwanangu, hawa watu twawalipa kila mwezi na intaneti hatuioni!" Alikuwa karibu kuhamia kifurushi cha bei maradufu. Na haikuwa anasa. Binti yake hupata riziki kwa kusikiliza rekodi za wateja wa ng'ambo na kuziandika, na mteja wake mkubwa alikuwa ameshamwonya mara mbili kwa kuchelewesha faili. Shangazi hakutaka kusikia onyo la tatu.

Ajabu ni kwamba Mombasa ndiyo lango letu la intaneti. Nyaya za baharini za TEAMS na SEACOM zilifika huko mwaka 2009. Data inavuka bahari salama, halafu inashindwa kuvuka sebule!

Basi nilipofika sikugusa mpangilio wowote. Kwanza ni kujua tatizo liko upande gani wa rauta. Fungua dirisha la amri kwenye kompyuta, uandike:

ping 192.168.1.1
ping 8.8.8.8

Amri ya kwanza inaiuliza rauta yako kama ipo (tazama anwani yake kwenye kibandiko chini ya kifaa, huenda ni tofauti). Ya pili inaiuliza seva ya Google iliyo nje. Nilipounganisha kompyuta kwa kebo, zote mbili zilijibu vizuri. Nilipopanda chumba cha dada, juu nyuma, hata rauta yenyewe ilijibu kwa kusuasua, na majibu mengine yakapotea kabisa. Maana yake kampuni ilikuwa inaleta intaneti kama kawaida. Kifurushi kikubwa kingeishia pale pale sebuleni.

Mhalifu ni ukuta. Nyumba zile za zamani zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na kuta zake ni nene mno. Mawimbi ya gigahezi 5 yana kasi lakini hufifia haraka ukutani. Ya gigahezi 2.4 hupenya zaidi, ila huko kuna msongamano wa majirani. Isitoshe, rauta ilikuwa sakafuni nyuma ya televisheni.

Niliipandisha juu ya kabati, mahali pa wazi. Kisha kwa programu ya simu inayoonyesha mitandao ya jirani niliona wengi wamejazana chaneli ya 6, nikahamia 11. Kwenye gigahezi 2.4 tumia 1, 6 au 11, kwa kuwa hizo haziingiliani. Sebule na jikoni zikapona. Chumba cha dada kikapata nafuu kidogo tu.

Muuza duka alipendekeza kile kifaa cha kuchomeka kwenye soketi kinachopokea mawimbi na kuyarusha tena. Sikukataa kwa ubishi. Ukikiweka mahali ambapo mawimbi ni dhaifu, kitarudia udhaifu huo huo, na vile vya redio moja hupunguza kasi karibu nusu, kwa sababu hupokea na kutuma kwa zamu.

Tulinunua kebo ya Cat5e ya mita 20 (aina hii hufika mita 100 bila shida), tukaipitisha kwenye tundu la waya wa antena. Huko juu nikaweka rauta ya zamani iliyokuwa imelala kwenye droo:

1. Ipe anwani yake, mfano 192.168.1.2, ili isigongane na ya kwanza.
2. Zima DHCP, yaani huduma ya kugawa anwani. Mgawaji mmoja anatosha.
3. Chomeka kebo kwenye tundu la LAN la rauta zote mbili, si lile la WAN.
4. Tumia jina na nenosiri lile lile la mtandao, usalama WPA2 au zaidi, lakini chaneli tofauti. Mimi nilichagua 1.

Usiku huo dada alituma faili zake zote kabla ya saa nne. Shangazi akabaki na kifurushi chake cha zamani, na gharama yote ilikuwa kebo.

Nawe ukipima ukakuta rauta inajibu vizuri hata kwa kebo lakini 8.8.8.8 haijibu, hapo ndipo upigie kampuni simu. Waambie vipimo vyote viwili tangu mwanzo, usije ukaambiwa tu "zima halafu uwashe tena".