Sindano ya Shaba

Mwalimu aliyenifunza Kiswahili katika sekondari alikuwa na desturi ya kuandika maneno machache ubaoni, kisha akatutaka tutaje vitabu vilivyoyabeba maneno hayo. Aliandika mapenzi, mauti, kiburi, wivu, usaliti. Nasi tulishindana kutaja vitabu kama watoto washindanavyo kutaja matunda. Mimi nilikuwa hodari wa mchezo huo, na kwa miaka miwili niliamini kuwa dhamira za vitabu vya kale ni vitu vya kujibia mtihani. Neno la mwisho katika orodha ile lilinifunza vingine, na gharama ya mafunzo hayo alilipa mtu mwingine.

Katika kidato cha tatu tulisoma utenzi wa Fumo Liyongo uliotungwa na Muhamadi Kijumwa wa Lamu mwaka 1913. Habari zenyewe ni za zamani zaidi ya utenzi, na wataalamu hawapatani juu ya karne aliyoishi shujaa huyo. Lakini huko Kipini, mahali ambapo mto Tana huingia baharini, wenyeji huonyesha kaburi lake mpaka leo. Liyongo alikuwa mtu wa nguvu za kutisha na mshairi pia, na mfalme wa Pate alimwogopa. Mitego iliposhindwa, mfalme alimwita mwana wa Liyongo mwenyewe, akamwahidi cheo na kumwoza binti yake. Kijana akaenda kwa babaye, akamwuliza ni kitu gani kiwezacho kumdhuru. Baba akamwambia: sindano ya shaba ikichomwa kitovuni. Usiku mmoja, baba amelala, mwana akaichoma.

Kinachofuata sijakiona katika kitabu kingine. Liyongo aliamka na uchungu, akatwaa uta wake, akaenda kisimani, akapiga goti, akatia mshale, akafa vivyo hivyo. Watu wa mji walikosa maji kwa siku kadhaa, kwa sababu hapana aliyethubutu kumkaribia maiti aliyefanana na mtu alengaye shabaha. Mamaye aliletwa ambembeleze, naye hakujibu. Mwili ulipoanguka ndipo ilipojulikana. Yule mwana hakupata mke wala cheo.

Katika mtihani niliandika kuwa mwana wa Liyongo alikuwa mjinga na mwenye tamaa. Mwalimu alinipa alama zote.

Muhula uliofuata nilifanywa kiranja wa bweni. Rafiki yangu mkubwa, kijana tuliyetoka naye kijiji kimoja, tukatumia sanduku moja na kugawana kila senti tuliyoletewa, alikuwa akitoroka usiku mara kwa mara. Mama yake alikuwa mgonjwa mahututi, na ruhusa aliyoomba alinyimwa mara mbili. Aliruka ua baada ya taa kuzimwa, akatembea maili saba, akarudi kabla ya kengele ya alfajiri. Mimi peke yangu ndiye niliyejua. Mwenyewe aliniambia, kama mtu amwambiavyo nduguye.

Jioni moja niliitwa na mwalimu wa nidhamu. Hakunitisha, na laiti angalinitisha. Alinikaribisha kiti, akasifu kazi yangu, akasema kwamba kiranja mkuu wa mwaka ujao atachaguliwa karibuni, na kwamba shule yahitaji kijana asiyeficha jambo. Kisha akauliza ni nani aliyevunja ua upande wa shamba la mahindi. Nilinyamaza kwa muda ambao hata leo naweza kuupima: saa ya ukutani ilipiga sauti kama kumi hivi. Halafu nikalitaja jina.

Rafiki yangu alifukuzwa siku ya pili. Alifunga vitu vyake, akaniachia sanduku kwa kuwa lilikuwa letu sote, akaenda zake bila kujua nani amesema. Mama yake alifariki kabla ya mwezi kwisha. Wala mimi sikuwa kiranja mkuu. Alichaguliwa kijana mwingine, na yule mwalimu hakunikaribisha kiti tena.

Mwaka ule ule darasa letu liliigiza Julius Caesar, mchezo wa Shakespeare ambao Julius Nyerere aliufasiri kwa Kiswahili na kuuchapisha mwaka 1963. Niliombwa kuwa Brutus. Wasomao mchezo huu juu juu husema kuwa Brutus na mwana wa Liyongo ni hali moja, maana wote wawili walimchoma mtu aliyewapenda. Mimi niliyeyashika maneno yake kwa moyo nasema kuwa Brutus ni hatari zaidi. Mwana wa Liyongo alijua kuwa anataka mke na cheo. Brutus hakutaka kitu; alijiambia kuwa atenda kwa ajili ya Roma. Cassius alipomletea barua za kughushi zilizojifanya zimeandikwa na wananchi, alizipokea upesi, kwa sababu zilimwambia alilotaka kusikia. Ndivyo nilivyofanya mimi. Katika zile sauti kumi za saa sikujiambia, "Nataka kuwa kiranja mkuu." Nilijiambia kuwa sheria ni sheria, na kwamba rafiki yangu angeweza kuumwa na nyoka njiani. Nilijiandikia barua za Cassius mwenyewe.

Kuna mahali katika mchezo huo, usiku kabla ya vita vya Philippi, ambapo mtumishi mdogo wa Brutus asinzia na ala yake ya muziki mkononi, na askari nao wamelala, naye Brutus peke yake yu macho katika hema. Hapo ndipo mzuka wa Caesar unapomtokea. Katika mazoezi mwalimu alinisifu kwa kuigiza vema ukosefu wa usingizi. Kitanda kilichokuwa karibu na changu bwenini kilikuwa kitupu, wala hakuna aliyejua kuwa siigizi.

Nilitafuta kitabu cha kunifariji, nikakiona Adili na Nduguze cha Shaaban Robert, kilichotolewa mwaka 1952. Humo Hasidi na Mwivu wanamtupa ndugu yao baharini kwa wivu. Wanageuzwa manyani, na Adili analazimishwa kuwapiga kila usiku. Huwapiga, hulia, kisha huwalisha na kuwabembeleza. Mwishoni Mfalme Rai anawaombea, wanarudishiwa ubinadamu. Nilikipenda kitabu hicho kwa mapenzi ya mwenye deni. Lakini manyani wale walikuwa na bahati moja ambayo mimi sikuwa nayo: kosa lao lilijulikana na aliyekosewa.

Sasa nami ni mwalimu, na kila nifundishapo utenzi wa Liyongo huulizwa swali lile lile: kwa nini baba alimwambia? Masimulizi yaeleza kwamba Liyongo alitambua kuwa mwanawe ametumwa. Wanafunzi wengine husema alichoka kuwindwa, wengine kwamba shujaa hawezi kusema uongo. Msichana mmoja alisema kuwa baba alitaka mwana apewe nafasi ya kukataa. Jibu hilo nililiandika katika daftari langu, nikashindwa kuendelea na kipindi, nikawapa wanafunzi kazi ya kuandika.

Likizo iliyopita nilikwenda nyumbani. Rafiki yangu ni fundi wa baiskeli, ana banda lake kando ya barabara, na nywele zake zimeingia mvi kabla ya zangu. Alinifutia kibao kwa kitambaa cha mafuta, akamtuma mtoto chai, akaniuliza habari za watoto wangu mmoja mmoja kwa majina. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima. Nilipofungua kinywa aliinua gurudumu, akalizungusha, akasikiliza kama lina kasoro, akasema, "Kunywa chai, ndugu yangu, itapoa."

Sijui kama ajua. Niliinywa.